Kupanga kozi za shahada ya kwanza ya mawasiliano: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya mwanafunzi aliyekwisha kupokelewa chuoni, au anayehamia kutoka fani nyingine, ambaye ana orodha ndefu ya kozi mkononi na hajui ashike ipi aache ipi. Kanuni za chuo chako ndizo zenye neno la mwisho. Yaliyo hapa ni yale yanayofanana karibu kila mahali fani hii inapofundishwa.

Nianze kupanga kutoka wapi?

Anzia mwaka wa mwisho, kisha urudi nyuma. Wengi huanza na muhula ulio mbele yao: wanaitazama ratiba, wanachagua kozi zenye majina ya kuvutia na vipindi visivyowaamsha alfajiri, wanajisajili, basi. Kasoro ya mpango wa namna hiyo haionekani mpaka karibu na mwisho. Mwanafunzi anataka kujisajili kwa mradi wa utafiti, mfumo unamkatalia kwa kuwa hajasoma mbinu za utafiti. Mbinu za utafiti nazo hazimpokei mtu ambaye hajapita kozi ya nadharia. Na nadharia inafundishwa muhula mmoja tu kwa mwaka. Hapo hakuna ujanja, ni kungoja.

Chukua karatasi. Andika kozi ya mwisho kabisa ya programu yako, iwe tasnifu, mradi au semina, kisha uulize: hii inadai nini kabla yake? Na hiyo inayodaiwa, yenyewe inadai nini? Endelea hivyo hadi ufike kwenye kozi isiyodai chochote. Mara nyingi utapata mfululizo wa kozi tatu au nne, na huo ndio unaoamua utahitimu lini. Kozi nyingine zote zinaweza kusogezwa. Kando ya kila kozi ya mfululizo huo andika inafundishwa muhula upi. Taarifa hii wakati mwingine haimo kwenye orodha ya kozi. Muulize katibu wa idara, ambaye kwa mambo ya ratiba anajua kuliko wahadhiri wengi.

Krediti zinahesabiwaje, na zinanihusu nini?

Krediti hupima kiasi cha kazi. Haipimi ugumu wala umuhimu. Katika mfumo wa krediti wa Ulaya, mwaka mmoja wa masomo ni krediti 60, na kila krediti inakadiriwa kuwa saa 25 hadi 30 za kazi yote kwa jumla: mihadhara, kusoma, kuandika, kujiandaa kwa mtihani. Shahada ya miaka mitatu hufika krediti 180. Uingereza, shahada ya kwanza ya daraja la heshima huwa na krediti 360, kila moja ikihesabiwa saa 10. Marekani kwa kawaida ni krediti 120 za muhula, na kwa kuwa kozi nyingi zina krediti 3, inakuja kozi kama tano kila muhula kwa miaka minne.

Sasa fanya hesabu. Kozi ya krediti 6 za Ulaya ni saa 150 hadi 180. Ukizigawa kwa wiki 15, unapata saa 10 hadi 12 kila wiki kwa kozi hiyo moja, ilhali darasani unakaa saa tatu au nne. Anayehesabu saa za darasani peke yake hujiona ana nafasi tele, akaongeza kozi, na katikati ya muhula anashangaa muda umekwenda wapi.

Kuna tofauti nyingine ambayo orodha haikwambii. Katika mfumo wa Marekani, sehemu kubwa ya krediti ni za elimu ya jumla na za hiari. Kozi za mawasiliano zenyewe huwa ni kama theluthi hivi. Hatari yake ni kuchelewa kuingia kwenye fani. Uingereza na sehemu nyingi za Ulaya unaingia idarani tangu wiki ya kwanza, na hatari inageuka: unaweza kumaliza miaka mitatu hujui lolote nje ya mawasiliano.

Mbona programu yangu inachanganya hotuba, takwimu, sheria na kamera? Hii ni fani moja kweli?

Ni fani moja iliyotoka kwenye mizizi kadhaa, na ukiijua hiyo mizizi utaelewa kwa nini orodha yako imepangwa ilivyopangwa.

Mzizi wa zamani kuliko yote ni balagha, sanaa ya ushawishi iliyofundishwa tangu Ugiriki ya kale. Mwaka 1914 walimu 17 wa uzungumzaji huko Marekani walijitenga na chama cha walimu wa Kiingereza wakaunda chao, kwa kuona kwamba kuzungumza ni taaluma inayojitegemea. Mzizi mwingine ni ufundi wa habari: Chuo Kikuu cha Missouri kilifungua shule yake ya uandishi wa habari mwaka 1908. Wa tatu ni sayansi ya jamii, uliokua haraka pale redio na propaganda za vita zilipowafanya watafiti waulize kama vyombo vya habari kweli vinageuza mawazo ya watu. Mwanasosholojia Paul Lazarsfeld na wenzake waliwafuatilia wapiga kura wa Erie County, Ohio, katika uchaguzi wa 1940. Walichokuta ni kwamba waliobadili msimamo walikuwa wachache, na kwamba mazungumzo ya mtu na mtu yalikuwa na nguvu kuliko ilivyodhaniwa.

Kwa hiyo kabla ya kupanga, tazama kozi za lazima za idara yako. Kama nyingi ni za hoja, hotuba na uchambuzi wa matini, hiyo ni idara ya balagha hata kama jina lake la mlangoni linasema vingine. Kama ni tafiti, saikolojia na takwimu, ni ya sayansi ya jamii. Kama ni studio na chumba cha habari, unajua. Kozi za hiari zitumie kujaza kile ambacho idara yako haina mazoea ya kukifundisha.

Kozi zipi nisizikwepe hata kama hazilazimishwi?

Nadharia za mawasiliano, mbinu za utafiti, sheria na maadili ya vyombo vya habari, uzungumzaji mbele ya watu, na kozi moja ya uandishi ambayo mwalimu anarudisha rasimu ikiwa na masahihisho. Hiyo ya mwisho ni adimu kuliko unavyodhani. Kabla ya kujisajili waulize waliosoma mwaka uliopita: insha zilirudi na maoni, au na alama tu? Ukisikia alama tu, tafuta kozi nyingine.

Naogopa takwimu. Naweza kuziahirisha hadi mwaka wa mwisho?

Usifanye hivyo. Huenda mfumo ukakuruhusu, lakini utaumia kwa njia isiyoonekana: kila kozi utakayosoma kabla yake utaisoma nusu.

Chukua nadharia ambayo kila mwanafunzi wa fani hii hukutana nayo, ile isemayo kwamba vyombo vya habari haviwaambii watu wafikiri nini bali wafikirie kuhusu nini. Watafiti Maxwell McCombs na Donald Shaw waliwahoji wapiga kura 100 wa Chapel Hill ambao hawakuwa wameamua bado, katika uchaguzi wa Marekani wa 1968, wakayalinganisha masuala waliyoyataja na yale yaliyopewa uzito katika habari. Matokeo yalichapishwa 1972, na kwa habari zilizopewa nafasi kubwa uwiano, yaani kipimo cha jinsi mambo mawili yanavyokwenda pamoja ambapo 1 ni kulingana kabisa, ulikuwa 0.967. Asiyejua uwiano ni nini ataikariri namba hiyo. Anayejua ataanza kuuliza: watu 100 wanatosha? Mji mmoja unawakilisha nani? Je, ni habari zilizowafuata watu, au watu waliozifuata habari? Maswali hayo ndiyo nadharia yenyewe. Bila takwimu unabaki na methali.

Tena, kozi ya takwimu katika idara za mawasiliano si hisabati ya wahandisi. Sehemu kubwa ni kujua jaribio lipi linafaa swali lipi, na kusoma jedwali bila kudanganywa nalo. Isome mwaka wa kwanza mwishoni au wa pili mwanzoni, katika muhula ambao kozi nyingine ni nyepesi. Kama idara inakuruhusu kuisoma kwenye idara ya sosholojia au saikolojia, angalia kwanza kama krediti zitahesabiwa kama za lazima au za hiari. Wanafunzi wengi wamesoma kozi nzuri ikahesabiwa mahali pasipofaa.

Na usiache upande wa pili, mbinu zisizo za namba. Mwananadharia wa utamaduni Stuart Hall aliposema mwaka 1973 kwamba mtazamaji anaweza kuukubali ujumbe, kuukubali kwa masharti au kuukataa, lilikuwa dai ambalo dodoso la ndiyo na hapana haliwezi kulifikia. Linahitaji mahojiano, vikundi vya majadiliano, kukaa na watu wakitazama. Kama programu yako inatoa kozi mbili za mbinu, soma zote mbili kabla ya kuamua mradi wako utakuwa wa aina gani.

Nitajuaje kama mpango wangu umeegemea upande mmoja?

Kuna swali la mwanasayansi ya siasa Harold Lasswell la mwaka 1948 ambalo wanafunzi hulikariri kwa ajili ya mtihani kisha wakalisahau: nani anasema nini, kupitia njia gani, kwa nani, na kwa matokeo gani? Mimi hulitumia kupima mipango ya kozi, na sijapata chombo bora zaidi.

Gawa kozi zako zote katika mafungu matano. Fungu la "nani" ni umiliki wa vyombo vya habari, sheria, sera, taasisi. La "nini" ni balagha, uchambuzi wa maudhui, lugha, uandishi. La "njia" ni teknolojia, redio, video, mitandao, na pia mwili na sauti katika mawasiliano ya ana kwa ana. "Kwa nani" ni hadhira, tamaduni, jinsia, mawasiliano baina ya watu wa tamaduni mbalimbali. "Matokeo" ni ushawishi, kampeni, saikolojia, mawasiliano ya afya na ya kisiasa. Wapenda studio hujikuta na kozi saba katika "njia" na hata moja katika "nani": wanajua kuhariri video lakini hawajui nani anaweza kuwashtaki kwa ajili yake. Wapenda nadharia nao hujaza "nini" na "kwa nani", wakamaliza bila kuwahi kutengeneza kitu.

Si lazima mafungu yalingane. Fungu tupu ndilo la kuogopa.

Nichague mkondo gani: uandishi wa habari, uhusiano wa umma, mawasiliano ya taasisi, afya, au mawasiliano baina ya watu?

Usiuchague kabla hujaonja angalau miwili. Mwaka wa kwanza una kozi za utangulizi kwa kusudi hilo. Na unapochagua, usitazame jina la mkondo. Tazama kazi za darasani katika kozi zake za juu. Uhusiano wa umma unawavutia watu wanaopenda kukutana na watu, kisha wanakuta sehemu kubwa ni kuandika: taarifa kwa vyombo vya habari, mipango ya kampeni, ripoti za tathmini. Mawasiliano baina ya watu linasikika kama somo jepesi, na ndilo lenye usomaji mzito wa tafiti za saikolojia. Uandishi wa habari unadai uwe nje ya darasa saa ambazo wenzako wamelala.

Kubadili mkondo mwaka wa pili ni jambo la kawaida na kwa kawaida halikugharimu muhula, mradi ule mfululizo wa kozi za lazima unaendelea. Mwaka wa tatu ni habari nyingine.

Kozi za hiari nizichukue ndani ya idara au nje?

Nje, nyingi zake, na kwa mfuatano. Kozi tatu za uchumi zinazofuatana zina thamani kuliko utangulizi wa fani sita. Anayetaka kuandika habari za afya asome biolojia na afya ya jamii; anayelenga siasa asome katiba na historia; anayelenga utafiti wa hadhira aongeze takwimu. Mawasiliano ni fani inayozungumza juu ya jambo fulani, na hilo jambo lazima ulijue mahali pengine. Lugha nyingine pia ina faida kubwa, ila ianze mapema, maana mihula miwili ya lugha haimfikishi mtu popote.

Nichukue kozi ngapi kwa muhula, na zipi zikae pamoja?

Idadi ifuate kanuni ya chuo. Muhimu zaidi ni mchanganyiko. Kozi za mawasiliano zina uzito wa aina tatu: za kusoma sana, za kuandika sana, na za kazi za vikundi na studio. Tano za kusoma katika muhula mmoja utazimaliza umechoka lakini utazimaliza. Tatu za vikundi katika muhula mmoja ni balaa, kwa sababu muda wako unashikwa na watu wengine: kila kikundi kinataka kukutana jioni ileile, na kila mradi unakabidhiwa wiki ya mwisho. Weka moja ya vikundi kwa muhula, mbili ukibanwa.

Kabla ya muhula kuanza, omba muhtasari wa kila kozi na uandike tarehe za kazi zote kwenye kalenda moja. Zikilundikana wiki mbili za mwisho, badilisha kozi moja wakati dirisha la kuongeza na kuacha kozi bado liko wazi.

Mafunzo kwa vitendo nifanye lini?

Baada ya kozi ya uandishi na ya maadili, kabla ya muhula wa mradi wa mwisho. Ukienda mapema mno utapewa kazi za kutuma barua. Ukienda ukiwa na mradi, kimoja kati ya viwili kitaharibika. Hakikisha kwa maandishi, kabla ya kuanza, kama mafunzo hayo yana krediti, nani atakusimamia chuoni, na unatakiwa kuwasilisha nini mwishoni. Mafunzo yaliyofanyika kwanza na kuombewa krediti baadaye mara nyingi hayakubaliwi.

Hifadhi nakala ya kila ulichotengeneza, kwa ruhusa ya waliokuajiri.

Kozi za mitandao ya kijamii, akili mnemba na programu za kuhariri zina faida?

Zina faida, kwa kipimo. Kozi inayokufundisha vitufe vya programu moja itachakaa pamoja na programu hiyo, na vitufe unaweza kujifunza mwenyewe. Kozi inayokufundisha jinsi kanuni za kompyuta zinavyoamua nani aone nini, au jinsi ya kuhakiki picha na madai, inakaa. Utazitofautisha kwa kusoma orodha ya kazi za kozi: ukiona makala na uchambuzi pamoja na vitendo, ichukue. Ukiona vitendo tu, moja inatosha.

Nimefeli kozi ya mfululizo wa lazima. Nifanyeje?

Tazama itafundishwa tena lini kabla ya kufanya lolote lingine. Kama ni muhula ujao, irudie na uendelee. Kama ni mwaka ujao, uliza mambo matatu: je, kuna mtihani wa marudio? Je, kozi inayolingana nayo katika idara au chuo kingine inakubalika? Je, mkuu wa idara anaweza kukuruhusu kusoma kozi inayofuata sambamba na ile unayorudia? Ruhusa ya mwisho hutolewa mara nyingi kuliko wanafunzi wanavyodhani, kwa anayeomba mapema akiwa na mpango mkononi.

Nahamia kutoka fani au chuo kingine. Kozi zangu zitahesabiwa?

Baadhi. Kinachoamua ni muhtasari wa kozi, ule wenye mada za kila wiki, orodha ya usomaji na namna ya kupima. Jina la kozi halitoshi: "Utangulizi wa Mawasiliano" mahali pamoja ni nadharia, mahali pengine ni stadi za kuandika barua. Kusanya mihtasari hiyo kabla ya kuondoka chuo cha kwanza, maana baadaye kuipata ni shida. Tena uliza swali sahihi. Kozi inaweza kukubaliwa kama krediti za hiari bila kukuondolea kozi ya lazima, na hapo unakuwa na krediti nyingi na safari ileile.

Nataka kusoma muhula mmoja nje ya nchi.

Nenda katika muhula ambao mfululizo wa lazima hauna kozi. Kama hakuna muhula wa namna hiyo, tengeneza mmoja kwa kutanguliza kozi za lazima na kuzihifadhi za hiari. Makubaliano ya kozi yatiwe saini kabla hujasafiri.

Ninafanya kazi huku nasoma. Mpango wangu utofautiane vipi?

Punguza kozi, lakini usipunguze zile za mfululizo. Wanafunzi wenye kazi huwa wanaahirisha mbinu za utafiti kwa kuwa ni nzito, na ndizo zinazowachelewesha. Afadhali uchukue mbinu za utafiti na kozi mbili nyepesi kuliko kuchukua nne nyepesi. Epuka kozi za vikundi zisizo na muda wa kazi darasani. Kama unalipiwa ada na mfadhili au una mkopo, angalia kiwango cha chini cha krediti kinachotakiwa kwa muhula. Wapo waliopunguza kozi moja wakajikuta wamepoteza fedha.

Nikitaka kuendelea na uzamili, nibadilishe nini?

Ongeza kozi ya pili ya mbinu za utafiti na uchague tasnifu badala ya mradi wa vitendo, kama unapewa uchaguzi. Pia soma kozi mbili za juu kwa mhadhiri mmoja. Barua ya mapendekezo kutoka kwa mtu aliyesoma kazi zako mihula miwili haifanani na ya mtu anayekumbuka jina lako kwenye orodha ya darasa la watu mia mbili.

Mshauri wa kitaaluma ana kazi gani, na niende kwake na nini?

Kazi yake ni kuhakiki mpango. Kuutunga ni kazi yako. Ukimwendea mikono mitupu ukauliza "nichukue nini?", utapewa orodha ileile anayompa kila mtu, na si kosa lake. Nenda na karatasi ya mihula yote, nakala ya matokeo yako, na maswali mawili au matatu yenye majibu mahususi: hii inahesabiwa wapi, hii inafundishwa lini, hii inaweza kubadilishwa na ile?

Nenda wiki chache kabla ya usajili. Wiki ya usajili yenyewe foleni ni ndefu na kozi nzuri zimekwisha kujaa. Na akikuruhusu kitu kisicho cha kawaida, mwandikie barua pepe siku hiyohiyo ukieleza mlichokubaliana na kumwomba athibitishe. Washauri huhamishwa, hustaafu, huenda likizo ya utafiti, na ofisi ya usajili itakapokagua faili lako mwaka wa mwisho itataka kuona maandishi.